Mpira Uliogusa Chokaa

Yona Mrutu alikuwa mtu ambaye neno lake liliaminiwa. Mjini Same, watu wakibishana juu ya mpaka wa kiwanja, au juu ya ahadi iliyotolewa bila shahidi, haikuwa ajabu mmoja wao kusema, "Basi twende kwa Mzee Yona." Wapare wenyewe hutaniana kwamba Mpare yuko radhi kuuza ng'ombe ili ashinde kesi ya kuku. Kati ya watu wa namna hiyo, mtu anayetamka neno likapokelewa na pande zote mbili si wa kuokotwa njiani.

Alikuwa mzaliwa wa Mamba, kule juu kwenye tangawizi. Alikuwa mzee wa kanisa la Wasabato, na kwa sehemu kubwa ya maisha yake alikuwa karani katika shamba la mkonge lililo chini ya barabara kuu. Tena alikuwa mwamuzi wa tenisi. Hilo la mwisho ndilo lililowashangaza wageni. Tenisi, Same? Lakini uwanja ulikuwapo. Aliujenga Mgiriki aliyekuwa na shamba lile kabla ya Azimio la Arusha, akauzungushia michongoma, akauacha alipoondoka. Shamba likawa la umma, na uwanja ungekuwa malisho ya mbuzi kama Yona, aliyekuwa amejifunza mchezo kwa kuutazama na kisha kwa kuucheza, asingeendelea kuufagia na kuuchorea mistari ya chokaa.

Miaka ile ya dhiki, sukari na sabuni vilipokuwa vitu vya kunong'onezana, mipira ya tenisi ndiyo usiseme. Walicheza na mipira ileile mpaka ikatoka manyoya ikabaki na vipara. Wavu walisuka wenyewe kwa katani. Hapo ndipo Yona alipowafundisha vijana wa kambi, watoto wa wakata mkonge waliotoka kila pembe ya nchi, na kati yao hakuna aliyeshika mchezo kama Hamidu.

Hamidu alikuwa mwana wa Mwamvita, mama aliyekuja na mumewe kutoka Kigoma kukata mkonge. Mume alifia kambini, mama akabaki na mtoto. Yona ndiye aliyemwekea mtoto huyo raketi mkononi, raketi ya mbao iliyofungwa waya shingoni. Na ndiye aliyemfundisha sheria aliyoipenda kuliko zote.

"Mpira ukigusa mstari, hata kwa upana wa unywele, huo ni ndani. Ukiwa na shaka, mpe mwenzako. Mtu anayeiba mpira mmoja ataiba na mfuko wa mbolea."

Halafu ikaja enzi ya ruksa ya biashara. Maduka yakajaa, mitumba ikamwagwa barabarani, na shamba likauzwa. Mwenye shamba mpya hakuhitaji makarani wengi hivyo, na siku moja Yona alipewa mkono wa shukrani na kuambiwa aende nyumbani. Alikuwa na miaka hamsini na kitu. Alirudi kwenye nyumba yake mjini, kwa mkewe Yudith, akawa anaamka alfajiri ileile, anavaa kaunda suti yake, kisha anakaa barazani kwa kuwa hakuna pa kwenda.

Meneja mpya alipenda tenisi. Aliufufua uwanja, akaleta wavu wa dukani na banda la kivuli kwa wageni, akatangaza kwamba atafungua klabu itakayohitaji msimamizi. Yona alikwenda kumwona.

"Tutaona, Mzee," meneja alimwambia huku akitazama saa. "Nasikia wewe ni mwamuzi hodari. Tuamulie mashindano yetu kwanza, halafu tutaona."

Yalikuwa mashindano ya walimu wa tenisi, vijana wanaolipwa na klabu za Arusha, Moshi na Tanga kwa kufundisha na kucheza. Hamidu aliingizwa kwa jina la shamba. Mshindi angechukuliwa na timu moja ya wachezaji wa kulipwa ya Dar es Salaam, azunguke nayo Nairobi, Kampala na Harare. Kwa kijana wa kambini ilikuwa kama kuambiwa kuna mlango ukutani, na ufunguo uko mezani.

Hamidu aliwatoa wote waliokutana naye. Fainali ikawa yeye na Evance, mwalimu wa klabu moja ya Moshi, kijana wa Ngujini, mrefu, mpole, mwenye mkono mzito.

Fainali ilichezwa Jumapili, kwa kuwa Jumamosi Yona asingeshika kazi yoyote. Upepo wa Same ulivuma kama kawaida yake, ukiokota vumbi jekundu na kulimwaga kwenye macho ya watu. Waamuzi wasaidizi walikuwa wawili tu, wakawekwa kwenye mistari ya nyuma. Mistari ya pembeni ilikuwa ya Yona mwenyewe, aliyekaa juu ya kiti kirefu kando ya wavu. Upande wa pili, juu ya gari la mizigo, alisimama Amiri, kijana wa mjini mwenye banda la video, aliyekuwa amepata kamera kutoka Dubai na kwa kawaida akipiga picha za harusi. Meneja alikuwa amemwambia apige mchezo mzima apeleke kanda kwa wakubwa.

Wachezaji waligawana seti mbili za kwanza. Ya tatu ilikwenda sare mpaka mwisho, na mwishowe Evance akabakiza pointi moja tu kushinda.

Walirushiana mpira kwa muda mrefu. Watu walinyamaza. Katikati ya ule ukimya, kwenye banda la wageni, meneja alisimama. Kando yake alisimama mgeni rasmi. Meneja alinyoosha mkono kuelekea kwenye kiti cha mwamuzi, akamnong'oneza mgeni, na mgeni akatikisa kichwa akicheka.

Ananizungumzia mimi, Yona aliwaza. Alinyoosha kola ya kaunda suti. Aligeuza uso kuelekea bandani, akainamisha kichwa kidogo, kama mtu anayepokea salamu.

Akasikia mpira ukipigwa. Akasikia ukitua. Alipogeuka, Evance alikuwa ameshapitwa, mpira unaviringika kwenye michongoma, na watu wote wamemtazama yeye Yona wakingoja.

Hakuwa ameona kitu.

Angeweza kusema hivyo. Sheria inaruhusu mwamuzi kusema hakuona, na pointi irudiwe. Lakini mgeni rasmi alikuwa anamtazama, meneja alikuwa anamtazama, na kinywa chake kikatangulia moyo wake.

"Nje!" alisema, kwa sauti ileile ambayo watu waliizoea kuiamini.

Uwanja ulilipuka. Hamidu hakupiga kelele. Alikuja taratibu mpaka chini ya kiti, jasho likimtiririka, akasema kwa sauti ndogo, "Mwalimu, naomba ushuke uangalie alama. Iko pale. Ninakuomba."

Ule ulikuwa udongo mwekundu, na mpira ukitua huacha alama yake. Ingetosha kushuka ngazi na kutembea kidogo tu. Lakini tayari watu walikuwa wameanza kuruka uzio, na Yona aliona kwamba akishuka atakuwa amekiri mbele ya wakubwa kwamba ana shaka.

"Uamuzi umeshatoka, Hamidu," alisema. "Peana mkono na mwenzako."

Hamidu alimtazama kitambo. Kisha akageuka, akaenda kumpa Evance mkono, na miguu ya watu ikapita juu ya ile alama mpaka isiwepo.

Usiku ule Yona alijiambia kwamba mpira ulikuwa nje. Alijiambia tena asubuhi. Sauti ya mpira unaotoka nje anaijua, alijiambia, ameisikiliza maisha yake yote. Baada ya siku kadhaa alikuwa karibu kuamini.

Jumapili iliyofuata Amiri alipita nyumbani, anahema kwa furaha. "Shikamoo, Mzee. Njooni leo alasiri bandani kwangu, wewe na Mama. Ninaonyesha fainali kabla ya filamu. Mje mjione kwenye televisheni!"

Wakati huo huku bara hapakuwa na kituo cha televisheni hata kimoja; televisheni ilikuwa chombo cha kuonea kanda za video tu. Mtu kujiona mle ndani lilikuwa jambo la kusimuliwa. Yona alipiga pasi kaunda suti. Yudith alivaa kitenge chake kipya. Bandani walipewa nafasi kwenye benchi la mbele, na watu waliokuwa wamekuja kungoja filamu ya karate waliwaamkia kwa heshima.

Picha ilikuja. Watu walishangilia kila walipojiona. Yona alijiona juu ya kiti, mgongo wima kama mlingoti, na Yudith akamminya mkono akitabasamu. Fainali ikaenda, ikaenda, mpaka ile pointi ya mwisho.

Mpira ulitoka kwenye raketi ya Hamidu, ukampita Evance, ukatua. Pale ulipotua paliruka kitu cheupe, kama moshi wa sigara.

"Chokaa hiyo!" mtu mmoja alisema nyuma.

"Rudisha! Amiri, rudisha!"

Amiri, ambaye kwake hiyo ilikuwa burudani tu, alirudisha. Safari hii aliiendesha kanda polepole. Mpira ulishuka kama unashuka majini. Uligusa mstari, na chokaa ikapanda juu, nyeupe, bila ubishi wowote. Lakini macho ya watu yalikuwa yameshaona kitu kingine. Kwenye pembe ya picha alikuwapo mwamuzi, na uso wake haukuwa uwanjani. Ulikuwa umegeukia bandani kwa wakubwa, umeinama, unatabasamu. Mpira ulitua, chokaa ikaruka, naye bado anatabasamu.

Kisha mtu akacheka, na kicheko kikasambaa kama moto kwenye nyasi kavu.

"Rudisha tena! Mwone Mzee anavyosalimia!"

Yona alikaa. Hakuweza kusimama, kwa kuwa kusimama kungemweka mbele ya kioo, kati ya watu na picha yake. Aliyatazama magoti yake. Alihisi mkono wa Yudith ukiwa bado juu ya wake, na akaona kwamba hata huo mkono hakustahili kuushika, akauondoa wake. Amiri, alipotambua alichokifanya, alizima mashine haraka na kuweka karate. Katika kelele za ngumi na mateke, mume na mke walitoka kwa mlango wa pembeni.

Walipofika nyumbani, Yudith aliweka sufuria jikoni, kisha akaja mlangoni.

"Baba Priska, hukuona mpira?"

"Sikuona."

"Na ukasema nje."

"Nikasema nje."

Yudith alirudi kwenye makande yake, naye Yona akabaki amesimama sebuleni kama mgeni ambaye hajakaribishwa kiti.

Mji mdogo hauna siri. Kwa siku zilizofuata, kila alipopita karibu na stendi palikuwa na mtu wa kusema "Rudisha!" halafu kicheko. Wengine walimtetea. Afisa michezo alimwambia asijisumbue. Kitabu cha sheria hakiijui kamera, alisema, uamuzi wa mwamuzi ni wa mwisho, na matokeo hayabadiliki hata ashuke malaika na kanda. Wengine walimwambia kwamba hata mpira ule ungehesabiwa, vijana wangekuwa sawa tu. Nani ajuaye kama Hamidu angeshinda? Yona aliyasikiliza maneno hayo kwa pupa, kama mgonjwa anavyosikiliza habari za dawa. Kila jioni yalikuwa yameshaisha nguvu.

Sabato ilipofika ilikuwa zamu yake kusoma neno mbele ya kanisa. Alimwomba mzee mwenzake amsomee, akasema koo linamuuma. Halikuwa linamuuma.

Kisha meneja akamwita ofisini.

Yona alikwenda akiwa amejiandaa kufukuzwa hata kutoka pale ambapo hakuwa ameajiriwa. Meneja alimpokea kwa kicheko.

"Mzee! Nimeiona ile kanda. Nimecheka mpaka nikalia. Usijali bwana, mpira mmoja tu. Mgeni wetu alikupenda sana, alisema una heshima. Klabu ni yako, uanze mwezi ujao." Akamsukumia funguo juu ya meza.

Kitu kilekile alichokigeuzia shingo kilikuwa pale mbele yake, kinang'aa. Yona alitaka kusema hapana. Aliwaza baraza na kaunda suti isiyo na pa kwenda, akamwaza Yudith anayepanda milimani kila wiki kuleta tangawizi ya kuuza sokoni. Alizichukua funguo. Akasema, "Asante, bwana," na sauti yake mwenyewe ikamchefua.

"Umeipata?" Yudith aliuliza alipomwona mlangoni.

"Nimeipata."

"Mbona unazishika hizo funguo kama kaa la moto?"

Yudith alifuta mikono kwenye khanga.

"Yule kijana amerudi kiwandani, kwenye korona, ile mashine ya kuchakata mkonge," alisema. "Anapakua mkonge. Mwamvita mwenyewe ameniambia sokoni. Hakukutaja wewe hata kidogo. Aliniuliza hali yako, akanipa salamu zako. Afadhali angenitukana." Akaanza kurudi jikoni. "Nenda kwake, Baba Priska. Sitakwambia tena."

Yona hakwenda siku ile, wala kesho yake. Alikwenda Jumapili moja alasiri, baada ya kuzunguka kambi kwa baiskeli kama mwizi anayechunguza nyumba, mpaka mbwa wakaanza kumfuata.

Mwamvita alikuwa uani anapepeta mchele. Alipomwona aliacha ungo, akafunga upya mtandio wake.

"Karibu, Mzee Yona. Karibu ndani. Hamidu! Mwalimu wako amekuja."

Nyumba ile ya kambi ilikuwa na kiti kimoja chenye mgongo. Alipewa hicho. Akaletewa chai, na Yona akaona kwamba sukari imetiwa nyingi, kama anavyotiliwa mgeni mkubwa. Kila tendo la adabu la yule mama lilimchoma. Kama angefungiwa mlango, angejua la kufanya, angeondoka.

Hamidu alitoka chumba cha ndani, viganja vimefungwa vitambaa kwa ajili ya miiba ya mkonge. "Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba." Yona aliweka kikombe chini. Maneno aliyoyapanga njiani yalikuwa mengi, juu ya sheria, juu ya upepo, juu ya vumbi. Yote yalimtoka. "Hamidu, siku ile sikuuona mpira. Nilikuwa namtazama meneja. Nilitaka kazi. Nikasema nje kwa sababu niliona aibu kusema sikuona."

Mwamvita alitazama sakafuni. Hamidu alikaa juu ya kinu kilicholazwa.

"Nilijua, mwalimu."

"Umeona kanda?"

"Kanda sijaiona. Nilikuona wewe. Nilipokuwa naupiga ule mpira nilikuwa nimeelekea kwako, nikaona uso wako hauko. Ndiyo maana nilikuja nikakuomba ushuke uangalie alama. Nilisema moyoni, akishuka ataiona mwenyewe, atabadilisha, na hakuna atakayejua. Niliona watu watakucheka baadaye. Sikutaka wakucheke."

Yona alikuwa ameibeba aibu yake wiki zile zote akidhani ameshaujua uzito wake. Sasa aligundua kwamba alikuwa amebeba nusu tu. Kijana aliyekuwa anadhulumiwa, katika dakika ileile ya kudhulumiwa, alikuwa amemnyooshea mkono ili asianguke, na yeye akaupiga ule mkono mbele ya watu. Machozi yalimtoka mzee wa kanisa pale kwenye kiti chenye mgongo. Hakuna aliyemwambia anyamaze. Mwamvita alimwongezea chai.

Alipokuwa anaondoka, Hamidu alimsindikiza mpaka njia ya lori. Yona alisema atakwenda Dar es Salaam, ataandika, atasema mbele ya wakubwa wa ile timu.

"Timu imeshaondoka, mwalimu. Evance yuko Nairobi. Naye hakufanya kosa."

Aliandika hata hivyo. Jibu lilichelewa, na lilipokuja lilikuwa fupi na la heshima: nafasi zimejaa.

Mwaka uliofuata meneja alitaka mchezo wa maonyesho wa sikukuu ya wafanyakazi, na Evance, aliyekuwa amerudi likizo, akakubali kucheza na Hamidu. Yona, ambaye sasa ndiye msimamizi wa klabu, alikwenda ofisini na sharti moja. Kamera ya Amiri iwekwe kwenye mstari, iunganishwe na televisheni kwenye banda la wageni, na mchezaji akiwa na shaka aruhusiwe kuomba kanda irudishwe.

"Mzee, hata kwenye mashindano makubwa ya ng'ambo hawarudishi kanda," meneja alisema. "Sisi Same ndio tuanze?"

"Wao hawakunicheka, bwana. Walionicheka ni watu wa Same."

Meneja alicheka, akakubali, maana aliona itavuta watu. Na watu walikuja. Jenereta liliunguruma nyuma ya michongoma, waya zikapitishwa juu ya vichwa, na Amiri alitembea kati ya kamera na televisheni kama daktari wa zamu. Mara ya kwanza Evance alipoomba kanda, ilinasa, ikabidi Amiri aitoe na kuikaza kwa kalamu huku watu wakimpigia makofi. Picha ilipokuja ilionyesha kwamba Yona alikuwa sahihi. Mara ya pili alikuwa sahihi tena. Watu waliguna kwa kuridhika, na Yona, bila kutaka, alihisi kifua chake kikianza kutanuka.

Katika seti ya pili Hamidu alipiga mpira mkali wa pembeni. Yona aliutazama. Hakuutoa machoni tangu ulipotoka kwenye raketi mpaka ulipotua, kope hazikupepesa.

"Nje," alisema.

Hamidu alisimama. Alitazama mahali pale, akamtazama Yona. Kisha akageuka, akarudi nyuma ya mstari kungoja pointi nyingine. Hakuomba kanda.

Yona alimjua yule kijana. Alijua mgongo wake, alijua anavyotembea anapokubali na anavyotembea anapomeza. Ananisitiri tena, alisema moyoni. Mbele ya mji mzima, ananisitiri tena.

"Amiri," aliita kutoka juu ya kiti. "Rudisha."

"Hakuna aliyeomba, Mzee."

"Ninaomba mimi. Rudisha."

Alishuka ngazi, akaenda mpaka bandani, akasimama mbele ya televisheni pamoja na wote. Mpira ulitua. Chokaa ikapanda kidogo, kama unga. Kwenye pembe ya picha alikuwapo mwamuzi, ameinama mbele, macho yameukodolea mpira huohuo, na bado hakuona sawasawa.

Hakuna aliyecheka. Yona alihisi aibu, lakini aliijua ni nyingine. Hii ilikuwa ya macho ya mtu mzima, ambayo kila mwenye macho ataifikia.

"Mpira ulikuwa ndani," alitangaza. "Nimekosea. Pointi ni ya Hamidu."

Watu walipiga makofi. Hamidu aliinua raketi kidogo, mchezo ukaendelea, na Evance akashinda. Alishinda wazi, bila mpira wa kubishaniwa, seti mbili kwa bila.

Baadaye watu walimzunguka Yona wakimpa pole yenye furaha. "Umeona, Mzee? Evance ndiye bora tangu mwanzo. Ulijitesa bure." Hata Yudith alimtazama kwa matumaini, labda hilo litamtua mzigo.

Halikumtua. Yeye alikuwa juu ya kiti na aliona wasichokiona wao. Evance alikuja na mwaka mzima wa kucheza na watu wa Nairobi na Harare miguuni mwake. Hamidu alikuja na mwaka mzima wa korona. Mkono wake wa nyuma, ule wa kupiga kwa mgongo wa kiganja, uliokuwa mwepesi kama upanga, ulikuwa umechelewa kila mara, mabega yamekakamaa kwa kubeba mkonge. Mwaka uliopita hakuna aliyejua nani angeshinda. Sasa ilijulikana, na aliyefanya ijulikane hivyo ni yeye Yona. Jambo hilo hakuna kanda iliyolionyesha, na yeye hakuwa na wa kumwambia alirudishe.

Alimngoja Hamidu mpaka watu wakapungua.

"Uwanja uko wazi kwako kila jioni," alimwambia. "Mipira ipo. Nitakurushia mimi mwenyewe."

Hamidu alikuwa anajifunga upya vitambaa viganjani. "Nikitoka kazini nitakuja, mwalimu. Nikiwa na nguvu."

Alikuja siku nyingine, na siku nyingine hakuja. Alipokuja walicheza bila maneno mengi, mzee akirusha, kijana akipiga, na mkono wa nyuma ukaanza kulainika kidogokidogo. Siku ambazo hakuja, Yona alikaa kwenye benchi na kapu la mipira kando yake, akitazama njia ya kambi, mpaka jua likazama upande wa nyika ya Wamasai. Kisha aliinuka, akafunga lango, akapanda baiskeli kurudi nyumbani.